Stephen King na Mpaka wa Fasihi: Maisha na Kazi za Mtunzi wa Riwaya za Kutisha

0. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kutenganisha fasihi pendwa na fasihi dhati. Fasihi pendwa ni ile inayotungwa kwa ajili ya burudani na kuuzwa kwa wingi: hadithi za upelelezi, za mapenzi, za majambazi, za kutisha. Fasihi dhati ni ile inayohesabiwa kuwa na uzito wa dhamira na ufundi wa lugha. Ndiyo inayofundishwa shuleni na vyuoni, na ndiyo inayopewa tuzo. Mgawanyo huu una manufaa yake katika ufundishaji. Hata hivyo, wako watunzi ambao kazi zao zinakataa kukaa upande mmoja wa mpaka huo, na miongoni mwa watunzi walio hai ni wachache wanaolidhihirisha jambo hili kama Mmarekani Stephen King.

Lengo la makala hii ni kueleza maisha ya mtunzi huyo, hatua za kazi yake na namna anavyoijenga hofu katika maandishi yake, kisha kuchunguza ubishi uliozuka mwaka wa 2003 alipopewa nishani kubwa ya fasihi nchini mwake. Itaonekana kwamba mazimwi na wanyonya damu wa King wamesimama juu ya msingi wa mambo ya kawaida kabisa: ufukara, ulevi, kifo cha mtoto, ukatili wa wanafunzi kwa mwenzao. Msingi huo ndio uliovipatia vitabu vyake wasomaji wengi, na ndio uliowalazimisha baadhi ya wahakiki kuvisoma upya.

1. Utoto na malezi

Stephen Edwin King alizaliwa tarehe 21 Septemba 1947 mjini Portland, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Maine ni jimbo la misitu, pwani yenye mawe, baridi kali na miji midogo ambayo kwa muda mrefu iliishi kwa uvuvi na kwa viwanda vya mbao, karatasi na nguo. Baba yake, Donald King, alikuwa baharia wa meli za biashara. Mwaka wa 1949, Stephen akiwa na umri wa miaka miwili, baba huyo alitoka nyumbani akisema kwamba anakwenda kununua sigara, wala hakurudi tena. Mama yake, Nellie Ruth Pillsbury, akabaki peke yake na watoto wawili, Stephen na kaka yake David, ambaye alikuwa mtoto wa kulea.

Mama huyo alihamahama na wanawe kwa miaka mingi, kutoka jimbo hadi jimbo, akifanya kazi za mshahara mdogo: kupiga pasi katika kiwanda cha kufulia nguo, kuoka mikate usiku, kutumika katika nyumba za watu. Mwaka wa 1958 familia ilirudi Maine, katika kijiji cha Durham, ili mama awatunze wazazi wake waliokuwa wamezeeka. Hapo ndipo Stephen alipokulia. David alikuwa na mashine ndogo ya kurudufisha, akichapa gazeti la nyumbani ambalo mdogo wake alilichangia habari na hadithi. Hali kadhalika, katika chumba cha juu cha nyumba ya shangazi yao, Stephen aligundua sanduku la vitabu vya baba yake aliyetoweka. Ndani yake mlikuwa na hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft. Alikuja kufahamu pia kwamba baba huyo naye alijaribu kuandika hadithi za aina hiyo, lakini wahariri walizikataa.

Kisa kimoja cha siku hizo kinastahili kutajwa, kwa kuwa ndani yake swali la makala hii tayari limekwisha kuulizwa. Baada ya kutazama filamu ya mwaka wa 1961 iliyotokana na hadithi ya Edgar Allan Poe, kijana King aliisimulia upya kwa maandishi yake, akaichapa kwa mashine ya kaka yake, akawauzia wanafunzi wenzake nakala nyingi kwa siku moja. Mkuu wa shule alimwamuru kurudisha fedha zote, akamwuliza kwa nini mtoto mwenye kipaji anakipoteza kwa kuandika takataka. King ameeleza kwamba aliibeba aibu ya neno hilo kwa miaka mingi, hata baada ya kufikia utu uzima.

Kuanzia mwaka wa 1966 hadi 1970 alisoma katika Chuo Kikuu cha Maine, mjini Orono, akapata shahada ya kwanza katika Kiingereza. Akiwa chuoni aliandika safu ya kila wiki katika gazeti la wanafunzi. Mwaka wa 1967 gazeti moja la hadithi za mafumbo lilimlipa dola 35 kwa hadithi fupi. Yalikuwa malipo yake ya kwanza ya kazi ya kalamu.

2. Miaka ya shida na riwaya ya kwanza

Shahada haikumpatia kazi ya ualimu mara moja. Alifanya kazi katika kituo cha mafuta ya gari, kisha katika kiwanda cha kufulia nguo mjini Bangor, akipokea kwa mikono mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya mikahawa. Tarehe 2 Januari 1971 alimwoa Tabitha Spruce, ambaye walifahamiana walipokuwa wakifanya kazi za wanafunzi katika maktaba ya chuo. Tabitha ni mshairi, na baadaye alikuwa mtunzi wa riwaya kwa haki yake mwenyewe. Katika mwaka huohuo King aliajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya Hampden kwa mshahara wa dola 6,400 kwa mwaka. Fedha hizo hazikuitosha familia yenye watoto. Waliishi katika nyumba ndogo ya kukokotwa kwa gari, na mume aliandika usiku katika kijichumba cha kufulia, akitumia taipureta ya mkewe. Hadithi fupi alizoziuza kwa magazeti ya wanaume ndizo zilizolipa mara nyingi dawa ya mtoto mgonjwa au bili ya umeme.

Riwaya ya «Carrie» ilianza katika hali hiyo. Ni hadithi ya msichana wa shule anayedhihakiwa na wenzake na kuteswa nyumbani na mama mwenye dini ya ushupavu, naye ana uwezo wa kuvisogeza vitu kwa nguvu ya fikira. King aliandika kurasa chache akazitupa jalalani. Aliona kwamba hayafahamu maisha ya wasichana. Tabitha aliziokota, akapangusa majivu ya sigara, akazisoma, akamwambia kwamba anataka kujua yatakayofuata na kwamba atamsaidia kwa yale asiyoyajua.

Katika masika ya mwaka wa 1973 shirika la Doubleday liliikubali riwaya hiyo kwa malipo ya awali ya dola 2,500. Habari ilifika kwa telegramu, kwa sababu familia ilikuwa imeiondoa simu ili kupunguza matumizi. Majuma machache baadaye haki ya kuichapa riwaya kwa jalada jepesi, yaani kwa bei ya chini, iliuzwa kwa dola 400,000, na nusu yake ilikuwa ya mtunzi. Mwalimu aliyekuwa akipata dola 6,400 kwa mwaka alipokea mara moja zaidi ya mishahara ya miaka thelathini. Mama yake hakuishi kuiona riwaya madukani: alifariki kwa saratani mwezi wa Desemba 1973, naye «Carrie» alitoka Aprili 1974. Ndugu yake mama, hata hivyo, alikuwa amemsomea kitabu hicho kitandani kabla hakijachapwa.

3. Ujenzi wa hofu

Mwaka wa 1981 King alichapisha «Danse Macabre», kitabu cha uchambuzi kuhusu hadithi na filamu za kutisha. Humo anagawa athari za hadithi ya kutisha katika ngazi tatu. Ya juu ni kitisho, yaani wasiwasi wa jambo ambalo bado halijaonekana: mlango umefungwa, na kuna kitu nyuma yake. Ya pili ni hofu, pale mlango unapofunguliwa na zimwi kuonekana. Ya tatu ni kinyaa, pale mwandishi anapoonyesha damu na uozo. King anakiri kwamba huanza kwa kuitafuta ngazi ya kwanza, na kwamba ikishindikana hushuka hadi ya pili, na hata ya tatu, bila ya kuona haya. Ukiri huo ni muhimu kwa mhakiki, kwa maana unaonyesha mtunzi mwenye nadharia ya sanaa yake.

Utekelezaji wa nadharia hiyo huanzia katika hali ya kila siku. «'Salem's Lot» ya mwaka wa 1975 ilitokana na masomo aliyoyafundisha huko Hampden juu ya «Dracula» ya Bram Stoker: alijiuliza ingekuwaje kama mnyonya damu yule wa Ulaya angehamia katika mji mdogo wa Maine. Sehemu kubwa ya mwanzo wa riwaya inaueleza mji wenyewe, uchoyo wake, masengenyo yake, watoto wanaopigwa, ndoa zinazooza. Mnyonya damu anapofika anaukuta mji uliokwisha kuugua.

«The Shining» ya mwaka wa 1977 inaonyesha njia hiyo kwa uwazi zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1974, King na mkewe walilala usiku mmoja katika hoteli ya Stanley, katika milima ya jimbo la Colorado, wakati hoteli hiyo ilipokuwa karibu kufungwa kwa ajili ya majira ya baridi. Walikuwa takriban wageni pekee. Riwaya iliyozaliwa humo inamhusu Jack Torrance, mwalimu aliyepoteza kazi, mlevi anayejaribu kuacha pombe, baba ambaye siku moja alimvunja mwanawe mkono kwa hasira. Anaajiriwa kuilinda hoteli tupu pamoja na mkewe na mtoto. Chini ya jengo kuna boila kuukuu ambayo lazima ipunguzwe mvuke kila siku, la sivyo italipuka. Msomaji haelezwi kwamba boila hiyo ni mfano wa moyo wa Jack, wala hana haja ya kuelezwa. Mizimu ya hoteli inafanya kazi moja tu, nayo ni kumrudishia mlevi kiu yake. Miaka mingi baadaye King aliandika kwamba katika mhusika huyo alikuwa akijieleza yeye mwenyewe bila ya kujua. Kwa sababu hiyo hakuipenda filamu mashuhuri ya Stanley Kubrick ya mwaka wa 1980: kwa maoni yake, Jack wa filamu anaonekana mwendawazimu tangu mwanzo, hivyo mtazamaji hapati kushuhudia mtu mwema akianguka.

Riwaya ya «Pet Sematary» ya mwaka wa 1983 ilitokana na nyumba waliyoipanga kando ya barabara ya malori, wakati King alipokuwa akifundisha kwa mwaka mmoja katika chuo chake cha zamani. Paka wa binti yao aliuawa barabarani, na siku nyingine mtoto wao mdogo alikimbilia barabara hiyohiyo akanusurika. Riwaya inauliza baba angefanya nini kama mtoto huyo asingenusurika, na kama ungekuwapo udongo wenye uwezo wa kuwarudisha wafu. King mwenyewe aliiona kuwa ya giza mno, akaiweka kando kwa muda kabla ya kuitoa.

Kwa upande wa lugha, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, nathari yake imejaa majina ya bidhaa za dukani, nyimbo za redio na vipindi vya televisheni, hata ulimwengu wa hadithi hautofautiani na jiko la msomaji. Pili, mawazo ya siri ya mhusika hupenya katikati ya sentensi, mara nyingi ndani ya mabano na bila alama nyingine za uandishi, kana kwamba sauti ya pili inamkatiza msimulizi. Tatu, King anaitumia kwa makusudi lahaja ya watu wa Maine. Mfano bora ni «Dolores Claiborne» ya mwaka wa 1992: riwaya nzima ni kauli ya mwanamke mmoja, mtumishi wa nyumbani, anayejieleza mbele ya polisi. Haina sura wala msimulizi mwingine, na haina zimwi. Kinachotisha ni mume anayempiga mkewe na kumwingilia binti yake. Mwanaisimu anayechunguza jinsi maandishi yanavyoweza kubeba usemi halisi wa wanakijiji atapata humo mengi ya kumfaa.

4. Mnara wa Giza na riwaya za njozi

Wasomaji wengi wanamfahamu King kwa hofu tu, ilhali kazi aliyoishughulikia kwa muda mrefu kuliko zote ni ya njozi. Akiwa bado mwanafunzi alivutiwa na shairi la Mwingereza Robert Browning juu ya shujaa Roland anayeuendea mnara wa giza. Mwaka wa 1970 alianza kuandika hadithi ya Roland mwingine, mpiga bastola wa mwisho katika ulimwengu uliochakaa, anayevuka jangwa akiutafuta mnara unaoshikilia malimwengu yote. Sehemu ya kwanza ilitoka katika gazeti la hadithi za njozi mwaka wa 1978, na kitabu cha kwanza, «The Gunslinger», mwaka wa 1982 kwa nakala chache. Vitabu saba vya mfululizo huo vilikamilika mwaka wa 2004, na cha nyongeza kikatoka mwaka wa 2012. Kadiri mfululizo ulivyoendelea, wahusika na miji ya riwaya nyingine za King waliingizwa humo, hata maandishi yake mengi yakawa kama mikoa ya nchi moja.

Aidha, kuna njozi zilizoandikwa kwa ajili ya vijana. «The Eyes of the Dragon», hadithi ya mfalme, wana wawili na mchawi, aliitunga kwa ajili ya binti yake Naomi, ambaye hakupenda hadithi za kutisha. «The Talisman» ya mwaka wa 1984 aliiandika pamoja na rafiki yake Peter Straub, mtunzi mwenzake wa hofu aliyefariki mwaka wa 2022. Katika mwaka huohuo wa 2022 ilitoka «Fairy Tale», riwaya ya kijana anayeshuka katika ulimwengu mwingine kupitia kisima.

5. Jaribio la lakabu

Katika miaka ya 1970 wachapishaji waliamini kwamba soko haliwezi kupokea zaidi ya kitabu kimoja cha mtunzi yuleyule kwa mwaka. King aliandika kwa kasi kuliko hiyo. Alitaka pia kujua kama mafanikio yake yalitokana na kipaji au na bahati. Kwa hiyo, kuanzia mwaka wa 1977 alichapisha riwaya tano kwa lakabu ya Richard Bachman, bila ya matangazo makubwa. Siri ilifichuliwa mwaka wa 1985 na mfanyakazi wa duka la vitabu mjini Washington, ambaye aliutambua mtindo, kisha akachunguza hati za haki miliki katika Maktaba ya Bunge na kulikuta jina la King katika mojawapo.

Riwaya ya tano, «Thinner», ilikuwa imeuza nakala 28,000 kwa jina la Bachman. Baada ya kufichuliwa iliuza mara kumi ya idadi hiyo, na maneno ya kitabu hayakubadilika hata moja. Jaribio hilo halikujibu swali la kipaji au bahati, kwani lilikatishwa mapema, lakini lilionyesha kwamba jina la mwandishi ni sehemu ya bidhaa. Ama kuhusu riwaya ya kwanza ya Bachman, «Rage», inayomhusu mwanafunzi anayewateka wenzake darasani kwa bunduki, King aliiondoa sokoni baada ya mashambulizi halisi katika shule za Marekani. Ni mfano wa mtunzi kujihukumu mwenyewe juu ya athari ya neno lake.

6. Ulevi, ajali na kitabu juu ya uandishi

Mafanikio hayakumwepusha na maradhi aliyokuwa ameyaandika. Katika miaka ya 1980 King alikuwa mtumwa wa pombe na wa kokeini. Ameandika kwamba hakumbuki vizuri namna alivyoitunga «Cujo», iliyotoka mwaka wa 1981. Hatimaye Tabitha aliwakusanya jamaa na marafiki, akamwaga mbele yao makopo ya bia na vichupa vya dawa vilivyokutwa katika ofisi ya mumewe, akamtaka achague: matibabu au kuondoka nyumbani. Alichagua kupona. «Misery» ya mwaka wa 1987, hadithi ya mtunzi anayefungiwa chumbani na muuguzi anayemshabikia na kumlazimisha kuandika, ilikuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, picha ya kokeini iliyomteka.

Tarehe 19 Juni 1999, alipokuwa akitembea kwa miguu kando ya barabara karibu na nyumba yake ya Lovell, Maine, aligongwa na gari. Mguu ulivunjika mahali tisa, nyonga na mbavu zikavunjika, pafu moja likasinyaa. Wakati huo alikuwa katikati ya kitabu kuhusu sanaa ya uandishi. Majuma matano baada ya ajali, mkewe alimtengenezea meza mahali palipofaa kiti cha magurudumu, akaanza tena. «On Writing» ilitoka mwaka wa 2000. Mafunzo yake ni ya fundi anayemweleza mwanagenzi: soma sana, andika kila siku, funga mlango unapoandika rasimu ya kwanza, kisha ufungue unaposahihisha, na rasimu ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza kwa asilimia 10. King hapangi msuko wa visa mapema. Huanza na hali, huwaweka wahusika ndani yake, kisha hufuata watakalolitenda. Kwa mfano wake, hadithi ni kama mifupa ya kale iliyozikwa ardhini, na mwandishi ni mchimbaji anayejitahidi asiivunje.

7. Nishani ya mwaka 2003 na ubishi wake

Kabla ya mwaka huo dalili za mabadiliko zilikuwa zimeanza kuonekana. Hadithi fupi «The Man in the Black Suit», iliyochapishwa na gazeti la The New Yorker mwaka wa 1994, ilipata mwaka wa 1996 nafasi ya kwanza katika tuzo ya O. Henry, ambayo ni ya hadithi fupi bila kujali aina. Hata hivyo, mshtuko ulikuwa mkubwa pale Wakfu wa Kitaifa wa Vitabu wa Marekani ulipotangaza kwamba nishani yake ya mwaka wa 2003, inayotolewa kwa mchango bora katika fasihi ya Marekani, itakwenda kwa King. Waliomtangulia ni pamoja na Toni Morrison, Ray Bradbury na Philip Roth.

Harold Bloom, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale na mhakiki maarufu wa wakati wake, aliandika gazetini kwa ukali. Kwa maoni yake, King hana ufundi wa kisanaa katika sentensi wala katika fikra. Wakfu umetazama mauzo ya vitabu, na kwa kufanya hivyo umewadharau watunzi wakubwa na kuwapotosha wasomaji vijana. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba wingi wa wanunuzi si kipimo cha ubora, na ni kweli kwamba baadhi ya riwaya za King ni ndefu kupita haja yake.

King alijibu katika hotuba ya kupokea nishani, mwezi wa Novemba. Alieleza kwanza deni lake kwa mkewe na miaka ya ufukara wao. Kisha akawataka waamuzi wa tuzo wasikome kwake kama ishara tu, bali wajenge daraja kati ya fasihi inayoitwa pendwa na ile inayoitwa ya juu. Aliwatajia majina ya watunzi wa soko ambao, kwa maoni yake, walistahili kusomwa. Usiku huohuo Shirley Hazzard, aliyeshinda tuzo ya riwaya, alisema jukwaani kwa upole kwamba kupewa orodha ya vitabu vinavyouzwa sana hakuwasaidii wasomaji. Hivyo pande zote mbili zilisikika katika ukumbi mmoja.

Miaka iliyofuata iliegemea upande wa daraja. Mwaka wa 2011 gazeti la The New York Times liliiweka «11/22/63», riwaya juu ya mauaji ya Rais Kennedy, miongoni mwa vitabu kumi bora vya mwaka. Mwezi wa Septemba 2015 Rais Barack Obama alimvisha King Nishani ya Kitaifa ya Sanaa. Mtunzi naye aliitumia heshima yake kwa ajili ya wengine. Tangu mwaka wa 1977 hadi 2023 aliwaruhusu wanafunzi wa filamu kuzitengeneza hadithi zake fupi kwa malipo ya dola moja. Mmoja wao, Frank Darabont, alianza hivyo na hadithi ya kijana anayeuguza mama mwenye saratani, na mwaka wa 1994 akatoa «The Shawshank Redemption». Mwezi wa Agosti 2022 King alitoa ushahidi mahakamani dhidi ya muungano wa mashirika mawili makubwa ya uchapishaji, moja likiwa ni lile linalomchapisha, akihofia kwamba ungewaumiza waandishi wachanga. Muungano huo ulizuiwa na mahakama Oktoba ya mwaka huohuo.

8. Hitimisho

Maisha na kazi za Stephen King zinadhihirisha kwamba maneno «pendwa» na «dhati» yanaeleza vizuri namna vitabu vinavyouzwa na kufundishwa, lakini hayatoshi kueleza yaliyomo. «The Shining» ni bidhaa ya soko, na papo hapo ni uchunguzi makini wa baba mlevi. «Dolores Claiborne» ilinunuliwa na mamilioni, nayo ni jaribio gumu la kuiandika lahaja ya kijijini. Kwa upande mwingine, pingamizi la Bloom linakumbusha kwamba kumpokea mtunzi pendwa hakumwondolei mhakiki wajibu wa kupima. Kila kitabu hakina budi kusomwa na kuhukumiwa kwa peke yake, sentensi kwa sentensi.

Funzo hili linagusa pia masomo ya Kiswahili. Riwaya za upelelezi za watunzi kama Elvis Musiba na Ben Mtobwa zimepita mikononi mwa wasomaji wengi, lakini zimechunguzwa kidogo kuliko zilivyosomwa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo: achague riwaya moja ambayo watu wanaazimana hadi jalada linachanika, aulize inawaambia nini juu ya hofu na matumaini yao, na aonyeshe kwa ushahidi wa lugha yenyewe mahali inapofaulu na mahali inaposhindwa. Neno «takataka» lililotamkwa na mkuu wa shule kule Maine lilitangulia usomaji. Kazi ya mhakiki ni kusoma kwanza.